Si Mama Aliyeiunguza Sakafu

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwa Mama.
Jumanne, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu. Mgongo je, umepoa? Mama aliniambia wiki nzima ulikuwa unalala chali, hata kugeuka huwezi. Na yule mpwa wangu wa mwisho, bado anakataa kula mpaka asimuliwe hadithi? Hiyo tabia ni yako, usimsingizie shemeji.

Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, miguu haijavimba tena, na sauti ya kunifokea nikiingia na viatu bado anayo. Baridi tu ndiyo imetukamata kweli kweli mwaka huu. Madirisha yanatoa jasho asubuhi mpaka yanafutwa kwa taulo.

Unanijua mimi na kalamu. Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa mwaka ulioolewa, na hata ile barua nusu yake aliiandika Mama. Kwa hiyo umeshahisi kwamba kuna jambo. Lipo. Nimeshindwa kukuambia kwa simu, maana kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa.

Dada, Mama hakudondosha kaa la moto. Sakafu niliiunguza mimi.

Wewe ndiye uliyetaka ile meko ya ukutani iliyokuwa ikitufukuza kwa moshi iwekewe jiko la chuma la kuni, lile la kuchomekwa ndani ya meko, lenye mlango wa kioo. Fundi wa majiko alikuja, akapima, akaitazama sakafu ya mbao aliyoipiga marehemu Baba. Akaniambia wazi kwamba kabla hajaleta jiko, sehemu ya mbele iwekewe kinga: kwanza bodi ya kuzuia joto, juu yake ndipo vigae, na kinga yote itoke mbele vya kutosha kuanzia mdomo wa jiko.

"Bosi, kigae hakiungui, lakini kinapitisha joto," alisema. "Na chini yake ni mbao."

Nilimwambia ashughulike na majiko yake, sakafu aniachie mimi. Nimebandika vigae miaka ishirini na miwili. Nilijiona nafundishwa kutembea.

Ile bodi ni nene, Dada. Ningeiweka, vigae vingenyanyuka juu ya mbao, na mimi kigae kinachonyanyuka hakinipi usingizi. Nilitaka mtu apite peku kutoka kwenye mbao mpaka kwenye kigae asihisi mpaka. Basi nikazichonga mbao za Baba, nikazipunguza unene, nikavibandika vigae juu yake moja kwa moja. Kisingizio changu kilikuwa Mama asije akajikwaa. Ukweli ni kwamba nilitaka nisifiwe.

Tena nilipima kuanzia ukutani, kwa sababu jiko lilikuwa bado halijafika. Lilipofika likatokeza shubiri nzima nje ya ukuta, na vigae vyangu mbele yake vikabaki vifupi. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikajiambia patatosha.

Fundi wa majiko hana kosa lolote, usije ukamlaumu. Siku ya kufunga jiko aliniuliza kama bodi ipo chini ya vigae. Nilimjibu ndiyo.

Siku za kwanza Mama alifurahi mpaka raha kumtazama. Alisogeza kiti chake, akavua soksi, akaninyooshea miguu nione alivyopata joto. Halafu akaanza kusema anasikia harufu kama ya pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Nikamwambia ni rangi mpya ya jiko, itaisha. Wiki iliyofuata akasema tena. Mara ya tatu nilicheka, nikamwambia labda anaunguza maharage jikoni na hataki kukiri. Hakusema tena.

Jumapili ile mchana alikuwa amesinzia kitini. Kilichomwamsha ni moshi, na haukutoka kwenye jiko wala kwenye bomba lake la moshi. Ulikuwa unapenya katikati ya mbao, miguuni pake. Akamwaga beseni zima la maji, akamwita jirani yetu, yule fundi cherehani, naye akavivunja vigae kwa nyundo. Nilipofika nikakuta shimo. Mbao zilikuwa zimegeuka mkaa, na boriti moja ya chini imeliwa na moto karibu nusu. Angechelewa kuamka, leo ningekuwa nakuandikia mengine.

Nilikuwa nimesimama pale mlangoni na begi la vifaa, majirani wamejaa chumbani. Mama akanitazama mara moja tu. Kisha akawaambia watu wote, "Ni mimi jamani. Nilikuwa nazoa majivu, kaa likaniponyoka."

Nami nikafunga mdomo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mbao zote za Baba.

Yaliyofuata unayajua. Ulimpigia, ukamfokea kwa hofu, wala sikulaumu. Ulisema umri umemfika, hawezi tena kuachwa na moto peke yake, na kwamba mwisho wa mwezi shemeji atakuja kumchukua. Ukaniuliza mimi naonaje. Nikasema, "Wewe ndiye mkubwa, Dada." Nilijificha nyuma ya adabu.

Tangu siku hiyo Mama anagawa vitu vyake. Maua ya kwenye makopo kampa fundi cherehani. Sufuria kubwa kaipeleka kwa mama wa nyumba ya pili. Siku tisa nimekuwa nikisema nitakuandikia, na kila siku napata sababu ya kuahirisha.

Jana nilikuwa nimepiga magoti pale shimoni nang'oa mbao mbovu. Mama akaja akasimama nyuma yangu. Halafu akauliza polepole, "Mwanangu, hivi kweli kaa liliniponyoka?"

Nilidhani ananitania. Niligeuka, nikaona hatanii. Anaambiwa kila siku kwamba anasahau, na sasa ameanza kuamini. Alikuwa anaogopa, Dada, kwa namna ambayo sijawahi kumwona akiogopa.

Nikamweleza yote, bodi, kipimo, na uongo niliomwambia fundi. Nililia kama mtoto, sioni aibu kukuambia. Alinishika kichwa. "Hilo nililijua siku ile ile," alisema, "ila likaanza kunipotea. Mwandikie dada yako."

Mama alikubali kuitwa mzee asiyejiweza ili mimi niendelee kuitwa fundi. Nami nikamwacha.

Leo asubuhi nilimfuata fundi wa majiko, nikamwambia ukweli mbele ya wateja wake. Alinifokea, kisha akaja. Tumebadilisha boriti, tumeweka bodi, na juu yake jiwe moja pana, tumelipima kuanzia mdomo wa jiko. Limenyanyuka juu ya mbao, na mpaka unaonekana wazi. Mama amelipita mara nne, ananyanyua tu mguu kidogo. Hajajikwaa.

Lakini moto hataki kuwasha. Amekaa mbele ya jiko baridi na shali mbili, kuni ziko pembeni. Nikimpa kiberiti anasema, "Washa wewe, mimi siku hizi siaminiki."

Dada, wa kusamehewa au kutosamehewa ni mimi, na hilo linaweza kusubiri hata mwaka. Yeye asisubiri. Ukimaliza kusoma, mpigie kabla hujanipigia mimi. Usimwambie nimekuandikia nini, usimpe pole, wala usitaje safari ya shemeji. Mwambie kwa sauti yako kwamba kiberiti ni chake.

Msalimie sana shemeji, umwambie nitamwomba radhi kwa usumbufu wa tiketi. Wapwa zangu wote wabusu, na yule wa hadithi mara mbili. Fundi cherehani anawasalimu, ila amekataa kabisa kurudisha maua. Mwenyezi Mungu akuponye mgongo, na aijalie nyumba yako joto na amani.

Mdogo wako akupendaye, mwenye aibu.