Bibi Mpya wa Neema

Brampton, Jumanne

Dada Anna,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje baada ya msiba? Najua ulisimama siku tatu ukihudumia watu, na mimi mdogo wako nilikuwa huku nikitazama jeneza la mama kwenye simu. Baba anakula? Sisi tunapumua tu. Baba Neema yuko safarini na lori, mimi naendelea kuwaogesha wazee wa watu.

Barua hii naituma kwa mkono wa Mama Kelvin wa kanisani, maana kwa simu nitalia, nawe utalia, na tutakata bila mimi kusema neno.

Ni kuhusu Neema. Nilikwambia amehamia Toronto mjini, karibu na chuo, lakini sikukwambia amehamia kwa nani. Amejiunga na chama cha wasichana wa chuo, wenyewe wanakiita sororiti. Wavulana nao wana vyao. Wanaishi nyumba moja, mlangoni wamebandika herufi za Kigiriki, na kila mmoja ana pini ya herufi hizo kifuani. Wasichana wapya huzungushwa nyumba hadi nyumba wakitazamwa, kisha wanaopendwa hupewa kadi ya mwaliko. Neema alipopata yake alipiga kelele hadi mwenye nyumba, anayeishi juu yetu, akagonga sakafu. Nami nilifurahi, dada, nisikudanganye. Mtoto alikuwa mpweke.

Kwa wiki kadhaa akawa kama mwanagenzi: akariri majina ya waanzilishi, ajifunze nyimbo zao na namna yao ya siri ya kupeana mikono. Wakampa Dada Mkubwa, msichana wa mwaka wa tatu, amlee. Nikiuliza zaidi, ananijibu kwa Kiingereza kwamba ni siri.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na ibada ya kumwombea mama, kule North York. Nilipomwambia tarehe, Neema alisema, "Mama, siku hiyo ndiyo naapishwa. Nisipofika, wataniacha."

"Ni bibi yako, Neema."

"Bibi ataelewa."

Watu walikuja na vyakula vyao, wakauliza mwanangu yuko wapi. Nikasema ana mtihani. Nilidanganya mbele ya picha ya mama.

Kesho yake nikabeba ndizi nyama zilizobaki, nikampelekea. Alinifungulia akanikumbatia vizuri tu, sitaki kumsingizia. Ukutani wamechora ukoo wao kama mti. Jina la Neema liko chini, juu yake la Dada Mkubwa wake, na juu ya hilo jina jingine. Mara akatokea msichana mrefu, mchangamfu, hazidi miaka ishirini na miwili. Neema akamshika kiuno, akaniambia kwa Kiswahili, ambacho sijakisikia kinywani mwake kwa miezi:

"Mama, huyu ndiye bibi yangu."

Kwao, aliyemlea Dada Mkubwa wako ndiye bibi yako. Yule binti akacheka, akaninyooshea mkono. Niliupokea. Ningefanya nini?

Alipoondoka nikamwuliza Neema taratibu, "Na yule tuliyemzika?"

Macho yakamjaa machozi. Akarudi kwenye Kiingereza chake. "Mama, bibi namjua kwa simu tu. Hawa wanajua nikilia nalilia nini."

Ni mimi niliyemtoa huko akiwa na miaka mitatu. Ni mimi niliyemwambia mama kila Krismasi kwamba mwakani nitamleta, hadi mama akachoka kuuliza. Niliacha chakula mezani nikaenda kituoni, mabasi mawili yakanipita nimekaa. Sasa naenda kazini, narudi, nalala na sare. Kuomba nimeshindwa.

Uliniuliza juu ya Desemba, siku ya kuweka msalaba kaburini. Nimemwuliza. Ameshaahidi kwenda kula Krismasi kwa wazazi wa Dada Mkubwa wake. Nitakuja peke yangu. Tandika kitanda kimoja.

Mshike baba mkono kwa niaba yangu, ila haya usimwambie. Msalimie shemeji aliyechimba kaburi na vijana wake, na shangazi aliyemwosha mama. Mwambie shangazi kazi ile ilikuwa yangu, na namshukuru.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Rehema