Kare ya Kijapani na Pua Yangu

Jumanne, baada ya kula.

Leo kare, ule mchuzi mzito wa bizari wa Kijapani, nimepika mimi, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Nyama laini, viazi, karoti, wali mweupe pembeni, vilevile nilivyowapikia mainjinia Wajapani nilipokuwa mpishi wa kambi yao. Vile vipande vya kare, vinavyofanana na chokoleti, havitiwi moto ukiwaka. Unazima kwanza. Hapa kwetu Mbwawa nani anajua hilo?

Basi nikazima. Nikapuliza, fuu, kama nilivyozoea jiko la mafuta ya taa. Nikaendelea kukoroga.

Neema binti yangu akaingia, akapiga kelele. "Baba! Gesi! Nyumba nzima inanuka, husikii?" Akafunga mtungi, akafungua madirisha.

"Naisikia, mwanangu. Nilikuwa nataka kufunga."

Uongo. Sikusikia kitu. Hata kare yenyewe nimekula kama udongo, nikaisifu. Mimi, niliyekuwa najua nyama ya jana kwa kupita tu nje ya bucha.

Kesho Neema anawahi kiwandani Kwala. Mtoto wake ananiachia mimi, na uji wa kupasha saa nne.

Nilitaka kumwambia. Nikasema, "Nenda tu mama, mimi nipo."