Kilo Sita Zenye Zilibaki

Makomeno, Lubumbashi,
Siku ya Mungu, tarehe 14 Septemba 1975.

Mpendwa mudogo wangu Mukuka,

Pokea salamu ya yaya wako Ngosa, mukubwa wako wa tumbo moja. Toka majina ya Kizungu yalikatazwa, karatasi za serikali zinakuita Mukuka tu, na sawa, lakini mu nyumba yangu ungali Alexis, na bibi yangu Albertine akikutaja hatumii jina lingine. Habari ya Kamina? Bibi yako Constance iko muzima? Batoto bane banakula, banalala, banaenda masomo? Na ile kikohozi ya Wivine iliisha, ama munanificha?

Sisi hapa tuko. Albertine mugongo unamuuma toka siku aliinua gunia ya bunga peke yake, juu hakuamini muntu wa kumubebea. Miye magoti yananisumbua asubuhi, kisha yananyamaza. Nafurahi kusikia wewe uko salama, ila uliandika "salama" mara tatu mu ukurasa mumoja. Muntu mwenye salama anaiandika mara moja na kupita. Basi nilianza kujiuliza huko kuko nini.

Sasa habari yenyewe. Uliniomba niende kuangalia ile karavani, nyumba ya magurudumu mbili yenye kuvutwa nyuma ya motokari, inauzishwa hapa ku njia ya Luano. Unataka kuifanya chumba cha giza cha kusafishia foto, uzunguke nayo mu vijiji toka Kamina mpaka Bukama, maana kila raia anatafuta foto ya kitambulisho. Wazo si baya. Na uliniuliza kitu kimoja tu: kamioneti yako itaivuta bila kuua bantu?

Juu ya lile neno "bantu" sikufanya haraka. Kwangu bantu ni Constance na batoto bane. Ule mutelemuko wa kutoka Biano, ku njia ya kuja kwako, naujua, hata treni tulikuwa tunaipunguzia vagoni pale. Remorki, ile gari ya kuvutwa, yenye kupita nguvu ya motokari, ikianza kukusukuma kwa nyuma, freni ya kamioneti haitakusaidia kitu. Utakanyaga mpaka chini na itakupeleka yenyewe mu mutaro, na batoto bako ndani.

Basi nilienda. Mwenye kuuzisha anaitwa Kunda, Sitoyen Kunda kama raia bote banavyoitana sasa. Alipata kile kiwanja wakati maduka ya bageni ilipewa bana-inchi, na karavani aliikuta ndani, iliachwa na Muzungu mumoja mwenye kutafuta madini upande wa Kinsevere. Nitakuambia kweli, nilimuchukia mbele ya kumuona. Mipira ya karavani ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, inang'aa kama viatu vya siku ya ndoa. Muntu anapaka mipira rangi juu ya nini, kama si kuficha nyufa? Nilipiga magoti, nikaikwaruza na kisu. Ufa ulikuwa moja, kadogo. Moja inatosha kunifanya nitafute ingine.

Nikafika ku plaki, ile chuma kadogo yenye uzito wa karavani. Iliandikwa namba mbili: bila mizigo 760, na chini yake 1,050. Unajua miye nilipima vagoni za treni miaka ishirini na saba. Ku vagoni kuko namba mbili vilevile: uzito wa vagoni tupu, na uzito wa mizigo inaweza kubeba. Unazijumulisha, unapata vagoni yenye kujaa. Nikajumulisha. Nikapata 1,810. Na kamioneti yako, kufuatana na kitabu chake ulichonakili mu barua, inavuta 1,100, na hapo iwe remorki yenye freni zake yenyewe. Bila freni ni nusu yake.

Mudogo wangu, nilimuita yule bwana mwizi. Mu kiwanja chake, mbele ya batumishi bake. Nilimuambia anauzishia bantu kifo na kukipaka rangi. Yeye hakukasirika, na ile ilinifanya nimuone mwizi zaidi. Akasema pole pole: Baba, huku si treni. Hii 1,050 njo jumla. Nyumba iko ndani yake na mizigo iko ndani yake. Hapa hatuongeze kitu.

Sikuamini. Nikasema twende ku bascule, ile mizani ya makamio. Unamukumbuka Chomba, tulikuwa naye ku kazi. Sasa anapima makamio ya mahindi ku kinu kimoja karibu na pale. Kunda akakubali, akaivuta karavani na motokari yake mwenyewe, na miye nikapanda pembeni yake nimuangalie mikono. Chomba akapima. Tukapata 815.

Ulisikia vizuri? Plaki inasema 760, bascule inasema 815. Kilo 55 zilitoka wapi? Nikamuangalia Kunda, naye akaangalia sindano ya bascule na kinywa wazi. Nikaingia mu karavani, nikafungua kila kabati, nikainua mabanki, vile viti virefu vya kulalia. Chini ya banki ya nyuma mulikuwa mifuko tano ya turubai, imejaa mawe. Mawe ya kijani, yale yenye shaba ndani, kila moja na namba ya rangi nyeupe. Ni yule Muzungu, alikuwa anaokota mifano ya udongo wa Kinsevere na kuisahau. Niliogopa, juu mu muji huu, ukikamatwa na mawe ya kijani, utaulizwa maneno mpaka uchoke. Kunda aliogopa kunipita. Tuliyatoa yote, Chomba akapima tena: 760. Kilo haikuongezeka, haikupungua. Na yale mawe, Kunda aliyapeleka siku ileile ku biro ya mines, ofisi ya madini, na miye nikamusindikiza nione anayafikisha.

Basi nilikosea. Plaki ilikuwa inasema kweli, na Kunda alikuwa anasema kweli, na miye na miaka yangu ishirini na saba nilisoma karavani kama vagoni. Nilimupigia makofi ya heshima, nikainama na kugusa udongo mbele ya bale bale batumishi bake, kama inavyofaa kwa mwenye kukosea. Haya iliniuma. Akaniinua, akanipa kiti na bilauri ya mayi baridi.

Tangu pale akanifundisha mengi, na ninakuandikia yote. Freni ya karavani inafunga yenyewe wakati inasukuma ndoano. Ilikuwa na kutu, akaisafisha, na niliijaribu mara tano. Pua ya karavani lazima ilemee ndoano ya kamioneti, kilo makumi sita hivi. Ikiwa nyepesi, mukia wa karavani unaanza kucheza huku na huku, na unachezesha motokari nayo. Kwa hiyo mayi yako usiyaweke nyuma. Uyaweke katikati, juu ya magurudumu. Na ununue vioo virefu vya pembeni, juu utakuwa hauoni kitu nyuma isipokuwa ukuta.

Nikarudi nyumba na moyo mweupe. Nikakaa ku meza na ile listi yako ya mizigo, yenye ulitia mu barua, nipige hesabu ya mwisho. Karavani inapokea 1,050, yenyewe iko 760, inabaki kilo 290 za kujaza. Wewe uliandika mayi kilo 100, agrandiseri ya kukuzia foto na meza yake 48, dawa za foto 40, kartoni za karatasi 25, taa na pazia 30, mashini ya kushona 14, matela ya kulalia 15, sahani na masufuria 12. Jumla 284. Zinabaki kilo sita. Na kamioneti inavuta 1,100, iko na nafasi. Nilimuita Albertine nikamuambia, inaenea, hata kama imepimwa na mimi mwenyewe.

Albertine akashika listi. Unamujua, yeye hasomi namba, anasoma bintu. Akauliza: mashini ya kushona ya nani?

Nikasema ya Constance. Akanicheka. Constance hajashika sindano maisha yake yote. Nguo ya batoto ikipasuka, anaipeleka kwa fundi, na sisi wote tunamutania juu ya ile. Nikasema basi wewe ulimununulia ili ajifunze.  Albertine akaweka kidole ku neno moja, akaniuliza ni nini limeandikwa pale. Limeandikwa "matela". Moja. Kilo kumi na tano.

Nikasoma tena listi yote, safari hii si kama mupimaji. Matela moja. Sahani mbili. Bikombe mbili. Na mu kona ya chini, kwa mukono wako: "bantu bawili mbele, mu kabine." Nyuma ya kamioneti uliandika barmeli za petroli na magunia, mpaka juu.

Ku treni, mudogo wangu, hatuhesabu mizigo tu. Kila kichwa kinahesabiwa, hata cha mutoto wa ku mugongo. Wewe unajua hivyo, ulikulia mu nyumba ya mupimaji. Kwa hiyo siwezi kusema ulisahau. Muntu anaweza kusahau kartoni moja. Bantu batano hasahau.

Nilifanya hesabu nyingine, nikitafuta njia ya kukutetea, na Mungu anajua nilitafuta. Niliongeza matela tatu za batoto na mama yabo, sanduku ya nguo, blanketi, sufuria mukubwa wa kupikia bukari. Kilo 125, na sikuzidisha. Inafika 1,169. Inapita plaki ya karavani, inapita na nguvu ya kamioneti yako. Nikatoa mayi yote: haingii. Nikatoa na mashini: haingii. Pamoja na Constance na batoto, ile safari haiwezekani. Bila bale batano inaenea vizuri sana, na zinabaki kilo sita. Uliipima vizuri, Alexis. Njo maana moyo unaniuma, juu ni mimi nilikufundisha kupima.

Uliniuliza kama kamioneti itavuta bila kuua bantu. Sasa nakuuliza miye: muntu wa pili mu kabine ni nani? Jina lake, na mashini yake ya kushona, na kwao ni wapi. Na miezi ngapi utazunguka mu vijiji? Na Constance atabaki na nini mu ile nyumba ya Kamina, ambayo si yako, ni ya kazi, na kazi ulisema unaiacha?

Inawezekana nakosea. Kwa Kunda nilikosea, na nilikuwa na hakika vilevile kama leo. Kama nimekusingizia, panda treni na bibi yako na batoto bako wote, mukuje hapa Makomeno. Nitakupigia makofi na kugusa udongo mbele yabo, miye mukubwa wako, na sitaona haya. Natamani sana iwe hivyo. Albertine anaomba hivyo kila asubuhi ku misa.

Mpaka siku ile, karavani haitoki. Nilimueleza Kunda kwamba kuko hesabu moja haijaisha mu jamaa. Alitoa kile chuma cha ndoano, kile bila yake hakuna motokari inaweza kuishika, akaniwekea mu mukono. Kiko chini ya kitanda changu. Ukituma muntu mwingine kukichukua, atarudi mikono mitupu.

Salimia Mwaba, muambie namungoja afunge shule aje kunisomea gazeti. Salimia Kasonde na Chileshe, na ubusu Wivine ku kipaji cha uso kwa ajili ya Albertine. Wabikira wa parokia ya Kamina nabo unisalimie, hasa yule mwenye alikufundisha kusoma. Mungu akulinde wewe na nyumba yako yote, vichwa vyote sita, bila kupunguza hata kimoja.

Ni mimi yaya wako, mwenye kukupenda toka siku nilikubeba ku mugongo, na leo sijakutua,

Ngosa, yule Pierre wa zamani.

Constance, binti yangu, nakuambia na wewe. Barua hii sikuitia ku posta. Nimeiweka mu mukono wa Kapya, kondukteri wa treni ya Jumanne, na nilimuapisha asiipe muntu mwingine ila wewe. Muite bwana yako akae. Umusomee yote kwa sauti, pole pole, toka salamu ya kwanza. Ukifika pale pa bantu bawili mu kabine, usiendelee. Inua macho, umuangalie, na umungojee yeye aseme.