Sura Yangu Inauza Dawa ya Kichwa

Shoga, natoka chuoni kwenye maonyesho ya picha alizopiga binti yangu. Sina hamu.

Picha za matangazo, safi. Sabuni inang'aa mpaka ningeinunua.

Nikageukia zile za mtaani, ambazo kila siku namwambia anapoteza muda nazo. Ukuta mzima ni mimi. Mimi, shoga, sokoni, nimekunja uso namfokea muuza viatu.

Nilivyojipamba, mwalimu wake hakunitambua. "Mama, hii ndiyo bora. Kampuni ya dawa ya kichwa inaitaka kwa tangazo, na binti ataajiriwa, mradi huyu mwanamke akubali."

Binti akainamisha macho sakafuni.

Nikamjibu, "Atakubali. Namjua, ni mkali wa sura tu."

Basi nitaumwa kichwa kwenye mabango mji mzima, na aliyeniumiza atalipwa mshahara.