Kompyuta ya Masanja

Mgodini Bulyanhulu

Mama Neema, mke wangu,

Hapo Ngokolo mmeamkaje? Neema kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ila vumbi la mawe tunayosaga kwenye karasha linanikaba kifua, na jambo jingine linanikaba zaidi.

Nina wivu. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwa simu ya kawaida ningefoka, na ukinipigia ile ya picha unakuwa sebuleni kwa jirani yetu Masanja, naye anasikia kila neno.

Najua ilivyoanza. Kompyuta yetu ilikuwa nzima, mchana unachapa mitihani ya walimu, jioni tunaonana. Kisha ile programu ya simu za picha ikajisasisha yenyewe, ikawa nzito, ikaja na madudu ambayo hatukuyaomba. Sasa ukiiwasha feni inanguruma, kioo kinaganda, chai inapoa hujaandika hata mstari. Masanja ana kompyuta mpya yenye nguvu, akakukaribisha. Na kazi ya kuchapa nayo ukaihamishia huko.

Jumapili nilikuwa nakuangalia, nikaona pazia lake la kijani nyuma yako. Mara kichwa chake hicho, na salamu ya Kisukuma: "Mwangaluka shemeji! Usiwe na shaka, mama na mtoto wako salama hapa." Salama hapa! Neema naye kwenye kochi, soda mkononi: "Baba, kwa anko Masanja haigandi." Nikacheka nanyi. Simu ilipokatika sikula.

Sisemi umekosea. Lakini yule bwana hajaoa, na mimi niko huku nasaga mawe ya watu.

Fundi wa huku anasema kompyuta yetu haijafa, imezidiwa mzigo. Ameniwekea mfumo mwepesi kwenye flashi, nimeifunga humu. Mpelekee fundi wa stendi, Masanja asiiguse. Utachapa bila shida. Ila simu za picha ndiyo basi, mfumo huo hauziwezi.

Nimefikiri sana. Heri nisikuone kabisa kuliko kukuona kwa Masanja.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Mdogo wangu Shija, fundi baiskeli, mwambie asiache kupita hapo nyumbani, hasa jioni.

Mumeo anayekupenda,
Baba Neema

Nitumie picha moja ya karatasi, wewe na Neema. Nyuma yenu uonekane ukuta wetu.