Ndoo Niliyoizungusha Mbele ya Ndugu Zako

Baba Furaha,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nina hasira, na wa kumkasirikia ni wewe.

Ulikuwa mwalimu wa fizikia hapa Kasongo. Uliwafundisha watoto wa watu kwamba pikipiki ikipita kileleni kwa kasi, uzito wake unaonekana kupungua. Kasi ikizidi, magurudumu hayashiki tena ardhi. Ulijua! Hata hivyo kila tulipokwenda Kabambare kwa pikipiki yako, ukifika kwenye kile kilima kidogo baada ya Lusangi, uliongeza mwendo. Bondeni nililemewa hadi kiuno kinauma, kileleni tumbo likapanda kooni, nawe unacheka: "Kilo yetu inapotea, mama Furaha!" Nilikusihi uache. Safari ya mwisho ulikwenda peke yako, ukapaa, ukagonga mti.

Siku ya kumaliza matanga kaka yako mkubwa alisimama akasema nimekuloga, maana pikipiki haiwezi kuruka yenyewe. Niondoke, nimwache Furaha. Furaha ambaye bado ananyonya!

Nikachukua ndoo ya maji, nikaizungusha kwa kasi kuanzia miguuni hadi juu ya kichwa, kama ulivyofanya darasani. Halikuanguka hata tone. Nikawaeleza: maji yanataka kwenda moja kwa moja, kitako cha ndoo kinayarudisha. Pikipiki nayo inataka kwenda moja kwa moja, lakini juu yake hakuna kitako. Kuna uzito wake tu wa kuirudisha chini, na kwa kasi ile hautoshi.

Kaka yako akapiga kelele: "Munaona? Maji inakataa kuanguka! Huyu mwanamuke iko muchawi!"

Watu wakaanza kusogea mbali nami. Somo lako nusura liniondolee mtoto.

Ndipo mama yako, ambaye hajawahi kunipenda, akainuka, akaijaza ndoo, akaizungusha mwenyewe. Maji yakabaki ndani. Akamgeukia mwanawe: "Na mimi niko muchawi? Mutoto anabaki kwa mama yake." Kisha akakutukana wewe, kwa jina lako, huku analia. Nililia naye.

Kwaheri, mume wangu. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Nakuahidi Furaha atakulia mikononi mwangu. Siku akiniuliza kilichokuua, sitamtajia mchawi wala shetani. Nitamwambia baba yake alipenda kuelea kidogo hewani kuliko kurudi nyumbani.