Jumamosi Mama Muthoni Alipoieleza Picha ya Kuni

Majengo, Nyeri
Jumapili mchana

Mwalimu Gichuki,

Jana tulifanya Jumamosi ya picha pale makumbusho bila wewe, na haikuharibika. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza kabla hata ya kunisalimu. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Nyuzi za fidla yangu zilivumilia baridi. Bwana Fernandes hakusinzia na selo yake, ingawa nilimwona akijaribu.

Sasa nikuambie lililonisumbua, kwa sababu sikukuambia ukiwa hai na nafasi nilikuwa nayo.

Unaikumbuka Jumamosi yako ya mwisho. Picha ya tatu ilikuwa ule mlima mkubwa wenye ukungu, ule uliokuwa ukiupenda kama mtoto wako. Ulianza kwa kueleza mchoraji alisimama wapi, ukaingia kwenye rangi, ukafika kwenye theluji, ukarudi tena kwenye rangi. Sisi watatu tulikuwa tumekaa na vyombo vyetu tayari. Nesi Njeri alikuwa ameshika viola yake begani mpaka bega likamuuma. Wageni wawili kutoka Kutus wakainuka wakatoka. Ndipo nikasema, mbele ya watu wote, "Mwalimu, huo mlima umechoka kuelezwa. Acha watu wauangalie."

Watu walicheka. Wewe ulikunja karatasi zako polepole, ukaketi. Tukapiga. Tulipomaliza, ulichukua kofia yako ukaondoka bila chai.

Alhamisi nikasikia umekufa. Moyo, walisema.

Mwalimu, nilijua ni mimi. Nilijua kabisa. Siku ya kukuzika kule Giakanja nilikuja, lakini sikukaribia. Nilisimama nje ya ua, karibu na kahawa, nikasikiliza wimbo wa kanisa kwa mbali. Mama Muthoni alipita mbele yangu akiwa ameshikwa na dada zake, na mimi nikainama nikajifanya nafunga kiatu. Mke wako, ambaye alikuwa akiniletea viazi kila msimu, nami nikajificha asinione.

Baada ya hapo niliiweka fidla chini ya kitanda. Baba aliniuliza mara mbili, akaacha. Nilikaa kwenye cherehani yake nikishona mikono ya sare za shule, na kila aliyesimama mlangoni nilidhani amekuja kuniambia niliyoyafanya.

Halafu siku moja aliyesimama mlangoni akawa Mama Muthoni mwenyewe. Alikuwa ametembea kutoka stendi mpaka Majengo, kiatu chote matope, kiondo mgongoni. Hakukaa. Alisema, "Zaituni, unanihepa. Nimekukosea nini?"

Nikalia pale pale juu ya sare za watu. Nikamwambia yote: mlima, watu walivyocheka, kofia, chai. Nikamwambia, "Mama, ni mimi nilimuua."

Mwalimu, mkeo alicheka! Alicheka mpaka akashika meza ya baba. "Huyo mzee? Alifika nyumbani akicheka peke yake kama mlevi. Akaniambia, leo yule msichana wa fidla amenikata kama majani ya ng'ombe. Halafu akaitisha kalamu."

Hapo ndipo akaniambia kuhusu daktari. Kwamba ulijua habari ya moyo wako tangu mavuno ya mwaka jana. Kwamba daktari alikukataza kupanda ile ngazi ya mawe ya makumbusho, nawe ukaendelea kuipanda. Kwamba ulimwapisha mkeo asimwambie mtu, usije ukaambiwa ukae kitandani. Nilikukasirikia kidogo kwa hilo. Bado nimekasirika kidogo.

Kisha akatoa kwenye kiondo daftari lako, limefungwa kwa gazeti. Akasema hajui kusoma hati yako lakini anajua ni la nani baada yako.

Nilifungua pale kwenye mlima. Ukurasa mzima umepigwa mstari. Wa pili umepigwa mstari. Wa tatu pia. Mwishoni yamebaki maneno machache kuhusu ukungu, na pembeni umeandika: "Hapa ninyamaze. Zaituni aanze."

Nilimsomea Mama Muthoni. Akasema, "Si nimekuambia?" Akaomba maji ya kuosha viatu.

Siwezi kukueleza vizuri kilichonitoka siku hiyo, Mwalimu. Ni kama mtu aliyebeba debe la maji kichwani siku nyingi, akaja mwingine akalishika kwa mikono miwili akalitua. Shingo yenyewe ilishangaa. Jioni hiyo nilikula ugali wote, na baba akaniongezea mwingine.

Lakini kulikuwa na taabu nyingine. Karani wa makumbusho alikuwa ameshatuita. Unamjua, yule wa tai ya kijani. Alisema baraza la mji lilitoa nyumba kwa ajili ya elimu ya picha, na mwalimu wa picha akiwa hayuko, watu watatu kupiga fidla ni dansi tu. Nesi Njeri alimuuliza kama ameshaona mtu akicheza dansi kwa selo. Haikusaidia. Alitupa Jumamosi moja. Kama hakuna atakayezungumza watu wakaelewa, basi, mlango unafungwa.

Wote wakanitazama mimi, kwa sababu daftari lilikuwa kwangu.

Nilienda Giakanja kumwomba Mama Muthoni aje tu, akae mbele, nipate uso wa kuangalia. Akaniambia hajawahi kuingia humo, miaka yote minne ya Jumamosi zetu, kwa sababu alidhani ni mahali pa watu waliosoma. Hukuwahi kumwambia si hivyo? Au ulimwambia akakataa? Nilimwambia mimi ni mtoto wa fundi cherehani na naingia kwa mlango ule ule. Akasema atafikiria. Alikuja na gauni lake la kanisa.

Picha ya kwanza nilisoma maneno yako nikijikwaa kila mstari, tukapiga. Ya pili nilisoma vizuri zaidi. Ya tatu ilikuwa ile ya wanawake wanaotoka msituni na kuni. Nilifungua ukurasa wake mbele ya watu wote, na kwa woga wangu wa wiki nzima sikuwa nimeufikia nyumbani. Hakukuwa na maelezo. Kulikuwa na mstari mmoja tu: "Hii, muulize Mama Muthoni."

Nikausoma kwa sauti. Sikuwa na lingine la kusoma.

Kila mtu akageuka. Mama Muthoni alijishika kifua. Halafu akainuka, akaikaribia picha mpaka karani akakohoa, akaiangalia juu na chini. Akasema, "Huyu wa mbele amefungiwa kamba vibaya. Hizi kuni zitaanguka kabla hajafika mtoni."

Watu wakacheka, naye akaendelea. Alionyesha kamba inavyopaswa kukaa kwenye paji la uso, akainua kitambaa chake kidogo tukaona alama iliyobaki hapo tangu akiwa msichana. Alisema yule wa nyuma amechorwa vizuri, kwa sababu anaangalia miguu ya mwenzake na si njia, na hivyo ndivyo unavyotembea ukiwa umechoka. Alisema wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, walikatazwa kuingia msituni, wakapika kwa mabua, na siku ya kwanza waliporuhusiwa kurudi, mama yake aliimba njia nzima na mzigo mgongoni.

Niliinua upinde. Akanigeukia. "Ngoja, sijamaliza." Akasimama kidogo, akiangalia picha. Kisha akasema, "Sasa pigeni," akaenda kukaa.

Tulipiga ule muziki wa polepole uliouchagua. Nililia nikipiga, lakini mkono haukukosea. Yule mama wa mbele kwenye picha, na kamba yake mbaya, sikuwahi kumwona kama nilivyomwona jana. Ulikuwa ukituambia muziki utawafanya watu waangalie. Nilikuwa nikikubali tu kwa heshima. Jana niliamini.

Karani alikuja mwishoni akamuuliza Mama Muthoni kama mwezi ujao atapata nafasi. Akajibu itategemea chai yake shambani, kama itakuwa imechumwa.

Basi, Mwalimu. Asante kwa kucheka njiani ukienda nyumbani. Kama ungenitumia neno siku ile ningefurahi zaidi, lakini nimekusamehe, na najua umenisamehe.

Nakuahidi Jumamosi za picha hazitafia mikononi mwangu. Na nikimuudhi mtu, nitamfuata kwake siku hiyo hiyo, hata kama ni Giakanja na mvua inanyesha.

Pumzika. Mimi nimeanza kulala tena.

Wako,
Zaituni